Tulivyopima Honi za Manju Luhende

Nyie vijana mnaopita hapa kibarazani kwangu na spika zenu za kubeba begani, mkasimama na kuniambia, "Mzee Masunga, hii inapiga wati elfu," huwa nacheka kimoyomoyo. Siwadharau. Ila mimi nimewahi kuiona kwa macho yangu amplifaya iliyoandikwa wati elfu ikashindwa kuchemsha yai.

Ndiyo, yai. La kuku wa kienyeji, tena dogo. Kaeni niwaeleze, na huyo mwenye simu aiweke mfukoni kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kupima amplifaya na spika hapa Bariadi, katika duka la Bi Zuhura. Nilianza miaka ya ruksa ilipokolea, nikaacha macho yaliponikatalia kuona waya mwembamba. Kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kabla ya ruksa hata betri za tochi zilikuwa za kubahatisha. Unasikia zimefika dukani, unaacha kazi, unakimbia, ukifika zimekwisha. Kisha milango ikafunguliwa, mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta anachotaka, na mitaa yetu ikajaa maboksi. Redio kaseti, amplifaya, spika za honi za kutundika juu ya mti, kila kitu kinang'aa na kimeandikwa maandishi makubwa. Sisi tuliokaa miaka bila kitu tuliyaamini maandishi yale kama tunavyoamini matangazo ya kanisani.

Bi Zuhura hakuyaamini. Huyu alikuwa mama mfupi wa Ujiji, aliyekuja Bariadi kwa ndoa akabaki kwa biashara. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi sehemu ya sikio, na uzi huo haukubadilishwa mpaka ukawa na rangi ya chai. Hakuwahi kushika chuma cha kulehemu. Lakini siku ya kwanza niliyoingia kazini alinionyesha rundo la maboksi akaniambia kwamba hakuna hata chombo kimoja kitakachotoka mlangoni kabla hakijafanya kazi kutwa nzima, kwa nguvu zake zote, mbele ya macho yetu. Mkulima wa Zagayu akinunua chombo kikafa wiki ya pili, alisema, hana pa kukipeleka. Atakitazama tu pale mezani mpaka azeeke nacho.

Sasa, shida iko wapi? Huwezi kupiga honi kwa nguvu zote kutwa nzima katikati ya mji. Upande mmoja tulikuwa na msikiti, upande wa pili fundi cherehani mwenye ugonjwa wa kichwa. Bi Zuhura akakumbuka kitu alichowahi kukiona kwa mafundi wa meli kule Kigoma. Akaniambia nikate waya wa koili ya jiko la umeme, urefu ambao ukiupima kwa kipimo cha umeme unauzuia umeme sawasawa na spika, kisha niuzamishe kwenye sufuria ya maji. Amplifaya unaifunga kwenye waya huo badala ya spika. Yenyewe haijui kwamba imedanganywa. Inasukuma nguvu zake zote, hakuna anayesikia kelele, na nguvu zote zinaishia kwenye maji. Amplifaya ya kweli inayapasha moto. Amplifaya ya maneno matupu inayaacha vuguvugu, unaweza kumwogeshea mtoto.

Yai Bi Zuhura alilianzisha siku alipokuja muuzaji wa jumla kutoka Mwanza, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, na lori la amplifaya kubwakubwa. Bi Zuhura akamkaribisha kiti, akaagiza chai, akaniambia nifunge moja kwenye sufuria, kisha akatumbukiza yai. Wakaongea habari za barabara, habari za mvua, habari za watoto, chai ikaisha ikaletwa nyingine. Mwisho akalitoa yai, akalipasua pembeni ya sahani, likamwagika lote, ute na kiini.

"Boksi linasema wati elfu," akamwambia kwa upole kabisa. "Yai linasema bado."

Yule bwana alipakia maboksi yake bila kumalizia chai. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Msidhani kupima ni sufuria peke yake. Amplifaya tuliiweka pia juani, juu ya bati la stoo, mchana wa kiangazi, kwa sababu huko mashambani hakuna atakayeiwekea feni. Honi za kwenda Meatu tulizifunga juu ya lori la pamba, zikaenda Mwanhuzi na kurudi kwa barabara ile yenye mawimbi, zikirudi zinalia vilevile ndipo zinauzwa. Na jifunzeni kutumia pua. Koili ya spika kabla haijafa hutoa harufu, inafanana na ya kucha iliyounguzwa. Harufu hiyo mkiisikia, zimeni kwanza, maswali baadaye. Wengi wenu mnasubiri moshi.

Haya. Nilitaka kuwaambia habari za manju Luhende.

Kwa wale mliozaliwa juzi: manju ni yule anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Mkishavuna na pamba ikishauzwa, ngoma mbili zinakutana uwanja mmoja, siku moja, saa zilezile. Hii inapiga huku, ile inapiga kule. Hakuna jaji wala kamati. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao, wakivutiwa na upande huu wanakuja, wakichoka wanahamia ule. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ukiachwa na watu umeachwa hadharani, na mwaka mzima wanakutungia nyimbo.

Luhende alikuwa manju wa Ngulyati, mtu mrefu, mwenye sauti iliyokuwa inavuka bonde bila msaada wa kitu chochote. Nilimsikia nikiwa kijana na nywele zilinisimama. Lakini siku alipoingia dukani na mkewe, Mama Kabula, akamsalimia Bi Zuhura kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama, "Mwadila, mayu," nilidhani kuna mtu mwingine nyuma yake. Ilikuwa sauti ya mchanga unaokwaruzwa. Mama Kabula ndiye aliyeeleza. Walikuwa wametoka Mwanza hospitalini. Daktari alilitazama koo la mumewe akamwambia kwamba limechanika kwa kupiga kelele miaka mingi, na akiendelea kulilazimisha hivyo, siku moja sauti itakatika katikati ya wimbo na haitarudi tena.

Na mashindano ya Ngulyati yalikuwa karibu. Manju anaweza kuacha kuimba, hakuna sheria inayomkataza. Lakini Luhende alitutazama na kusema kwamba bila kuimba hajui yeye ni nani. Alilisema hivyohivyo, bila kujionea huruma, na Bi Zuhura alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Nikamchagulia amplifaya ya wati hamsini inayotumia betri ya gari, na honi mbili. Niliipima vizuri. Maji ya sufuria yalipata moto, juani ilikaa, honi nikazipigia kaseti ya muziki wa dansi kutwa nzima kwa sauti iliyoruhusiwa na fundi cherehani. Nikamwambia Bi Zuhura iko tayari. Akaniuliza kama Luhende anaimba dansi.

 Kesho yake tulikuwa kwenye pikapu ya kukodi, mimi na yeye, na betri, tunakwenda Ngulyati kupima na mwenyewe.

Tukatundika honi kwenye mti karibu na zizi. Wacheza ngoma walikuja kutazama, na wazee wa dawa nao walikuja, maana ngoma zetu haziendi bila dawa na chombo kipya lazima kikingwe dhidi ya wapinzani. Wakauliza kama wanaweza kuipaka. Mimi nikafungua mdomo nikatae. Bi Zuhura, na ushungi wake, akawajibu kwamba wapake popote wanapotaka, ila wasizibe matundu ya hewa. Wakapaka kwa uangalifu mkubwa, wakizunguka kila tundu. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti waliokuwa hawayajali matundu yale kiasi hicho.

Luhende akashika maikrofoni, akavuta pumzi, akaimba kama alivyozoea miaka yake yote, kana kwamba anaitupa sauti ng'ambo ya bonde. Honi zikapiga ukelele wa bati linalochanwa. Nikasikia ile harufu. Nikakimbilia swichi, lakini honi moja ilikuwa imeshakufa.

Nikadhani ni mbovu. Nikafunga moja kati ya mbili za akiba, akaimba tena, ikafa nayo. Hapo ndipo nilipoelewa, na ninawaomba mlielewe hili kuliko yote niliyosema. Amplifaya ikijazwa kuliko inavyoweza kumeza, haitoi tena sauti, inatoa mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayochoma koili. Wati hamsini zilizokwaruzwa zinaua honi ambayo ingeishi miaka kwa wati hamsini safi. Chombo kilikuwa kizima. Luhende ndiye aliyekuwa anapiga kelele ndani ya kitu kilichotengenezwa ili asipige kelele.

Nikafunga ya mwisho ya akiba, nikamwambia aimbe polepole. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. Manju ananong'ona? Wacheza watamfuata vipi? Akajaribu, na kila alipofika penye utamu wa wimbo kifua kilipanda chenyewe, nami nikazima. Tukafanya hivyo mpaka sauti yake ikaanza kukatika, na akakaa chini akashika kichwa. Aliogopa. Sote tuliogopa, kwa sababu kama hawezi kuimba chini, basi honi hazimsaidii, na siku ya mashindano atapiga kelele mpaka koo limalizike.

Mama Kabula alikuwa amekaa pembeni anapepeta mahindi. Akamwambia Bi Zuhura, kwa sauti ya chini kama anatoa siri ya nyumba, "Mayu, sauti ya chini anayo. Anamwimbia ng'ombe kila alfajiri akimkamua. Ila watu hawaijui, tunaijua mimi na ng'ombe."

"Basi mleteni ng'ombe," akasema Bi Zuhura.

Wakamleta kweli, ng'ombe mwekundu mwenye nundu, na ndama wake. Nikafunga maikrofoni kwenye nguzo ya zizi. Luhende akachuchumaa, akamfunga miguu ya nyuma kwa kamba, akaanza kukamua, na baada ya muda akajisahau akaanza kuimba. Sauti ya bwana wake ilipotoka juu ya mti yule ng'ombe aliruka, akapiga teke kibuyu, na maziwa yote yakamwagika kwenye waya zangu. Tukacheka sana. Nikazigeuza honi zitazame mashambani, mbali na ng'ombe, nikaiondoa pikapu iliyokuwa mbele yake, tukaanza upya.

Hapo nikasikia kitu ambacho sijakisikia tena. Ile sauti ilikuwa nene, ya taratibu, karibu kabisa, na ilikwenda mpaka kwenye mashamba ya mpunga kule chini. Niliona watu waliokuwa wanatembea barabarani wakisimama. Wacheza wake mwenyewe, waliomfuata miaka, mmoja akaniambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza anasikia maneno ya wimbo wote. Niligusa mgongo wa amplifaya, ilikuwa na joto la kawaida. Tukamwacha aimbe mpaka jua lilipokaribia kuzama, kwa sababu sheria ya duka ni kutwa nzima, na honi hazikutoa harufu yoyote. Bi Zuhura akaniambia nichore alama ya rangi nyekundu kwenye kitufe cha sauti, kisha akasema mpaka hapo, haivukwi.

Nikamwuliza kama atakuja siku ya mashindano. Akasema hapana, siku hiyo ana wateja. "Kazi yetu ni ya kabla, fundi. Siku yenyewe ni yao."

Siku yenyewe uwanja ulijaa watu mpaka juu ya paa la shule. Wapinzani walikuja na amplifaya mpya kubwa mara mbili ya yetu, haijapimwa na mtu, na manju wao aliimba kwa kelele ndani yake. Watu wote wakakimbilia kule. Kelele ina mvuto wake, siwadanganyi. Luhende alisimama ameshika ile kamba ya kukamulia mkononi, akaimba taratibu, na taratibu wakaanza kurudi. Wamama wenye watoto mgongoni ndio walioanza, kwa sababu watoto walikuwa wanalia kwa zile kelele. Kisha wazee. Kisha upande wa pili honi zao zikaanza kukwaruza, na umati ukamiminika kwetu. Nilijisikia kama mimi ndiye ninayeimba.

Nikaenda kwenye pikapu kuchukua betri ya akiba. Niliporudi, sauti ikakatika.

Nikakimbia mezani. Mzee mmoja wa dawa, mtu mwema kabisa, aliona macho ya wapinzani yanaitazama sana amplifaya yetu, akaivika ngozi ya mbuzi ili isionekane. Alikuwa hajaziba matundu kwa dawa, kama alivyoambiwa. Kuhusu ngozi hakuambiwa chochote. Nikaivua, chuma kilikuwa cha kuunguza vidole. Kilikuwa kimejizima chenyewe kwa joto, na hakiwaki mpaka kipoe. Nikaanza kukipepea kwa kofia.

Nikainua macho. Watu walikuwa wameanza kugeuka. Luhende alikuwa katikati ya uwanja, maikrofoni imekufa mkononi, na niliona kifua chake kinapanda. Mnajua alikuwa anataka kufanya nini. Wimbo mmoja tu wa sauti yake ya zamani na wale watu wangerudi wote, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote uwanjani. Mama Kabula alisimama.  Na Luhende akakishusha kifua, akafunga mdomo, akasimama pale mbele ya watu waliokuwa wanaondoka, wengine wanamcheka, hajaimba neno. Vijana, nimeona watu wakibeba magunia ya pamba mawili kwa mpigo. Sijaona mtu akibeba kitu kizito kama kimya kile. Ngoma ziliendelea kupigwa, wanawake wakapiga vigelegele kuziba pengo, nami napepea na kofia, maji yananitiririka usoni na sijui kama ni machozi au jasho.

Ikawaka. Akaimba kutoka pale alipoishia, chini chini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nawaambia walirudi mbio. Walijaa upande wetu mpaka wapinzani wakabaki na ndugu zao na mbwa wawili. Jua likaanza kushuka, na mimi moyoni nilishashinda.

Kisha wale jamaa wakafungua kapu wakatoa chatu.

Chatu mzima, mnene, akawekwa mabegani mwa mchezaji, akaanza kucheza naye. Utafanya nini? Hata mimi niliyeshika kitufe niliacha kutazama alama nyekundu nikanyoosha shingo. Uwanja wote ukahamia kwa nyoka, na jua likazama watu wakiwa kule kule. Wacheza wetu wengine walikaa chini wakalia. Nikaanza kukunja waya na aibu imenijaa, nikisema moyoni kwamba tumempimia mtu kila kitu, na bado ameshindwa.

Mama Kabula akaja na kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kila baada ya mashindano, miaka yote ya ndoa yao, alimpa maji hayo, kisha akakaa mbele yake amtazame mikono, kwa sababu jioni kama ile na siku kadhaa za mbele Luhende alikuwa haongei ila kwa mikono. Akakaa hivyo. Luhende akakipokea kikombe, akakiweka chini bila kunywa.

"Chatu wao mkubwa kweli," akasema. Ilikuwa sauti ileile ya asubuhi, nzima. "Mama Kabula, kesho tunaimba wapi?"

 Yule mama alifunika uso wake kwa khanga, mabega yakatikisika, na Luhende akamwita tena kwa jina lake la usichana, polepole, kama anavyomwimbia ng'ombe wake. Mimi niligeukia betri zangu nikajifanya nalegeza nati.